Nondo wa baridi: jinsi ya kumtambua na kumfuatilia mwaka mzima kwenye mti mmoja

Ikifika Novemba huku Ulaya wadudu karibu wote wameshapotea, vipepeo hamna, nyuki hamna, alafu jioni unawasha taa ya jikoni unaona kwenye kioo cha dirisha, kwa nje, kadudu ka kijivu kametulia tuli kwenye baridi ya nyuzi nne tano. Wengi wanapita tu, wanajua ni nondo kama nondo wengine. Sasa huyo ni nondo wa baridi, Operophtera brumata, mwanasayansi Mswidi Linnaeus alishamwandika tangu 1758, na maisha yake yote yamepangwa kuzunguka wiki chache tu za majani laini ya mwaloni, mwezi wa nne na wa tano. Ukishika hilo moja, mengine yote yanayoonekana ya ajabu kwake (kwanini anatoka wakati wa baridi, kwanini jike hana mbawa za kuruka, kwanini pupa (ile hatua kati ya kiwavi na nondo) analala udongoni miezi kama mitano) utaona yanaeleweka vizuri kabisa.

Naandika hii kwa Waswahili wenzangu mlioko huku, Uingereza, Uholanzi, Ujerumani, Denmark, Norway na kwingine, maana yupo karibu kila penye mialoni au miti ya matunda na hauhitaji vifaa vya bei kumwona. Nova Scotia (Kanada) na Massachusetts (Marekani) pia yupo, ila kule alifika kwa bahati mbaya kutoka Ulaya na akaleta hasara, nitaligusa mbele. Mlio nyumbani hamtampata, ila jike asiyeruka sio kitu kigeni kwetu, wale wadudu wa kwenye vifuko vya vijiti wanaoning'inia kwenye miti ya miiba ni nondo pia, na majike yao yanaishi humo humo kwenye kifuko bila mbawa.

Ushauri wangu mkubwa ni huu, na mwongozo wote umekaa juu yake: usimfukuze kwenye taa huku na huku, chagua mti mmoja, urudi huo huo mwaka mzima. Taa zinakuletea madume tu. Shina la mti ndo linakuonyesha jike, na jike ndo habari yenyewe.

HATUA YA 1: Chagua mti kabla ya Novemba

Mwezi wa kumi ndo wa maandalizi. Mwaloni ndo namba moja, lakini viwavi vyake havichagui sana, vinakula birchi, hazeli, mtofaa, mcheri, mpea, mierebi na mingine mingi ya majani mapana. Kama una mti wa maepo bustanini au kwenye kile kishamba cha kukodi cha halmashauri, huo unatosha kabisa, tena ni raha zaidi maana hautembei mbali usiku.

Tafuta mti wenye mambo matatu. Gome liwe na mikwaruzo na nyufa, sio shina laini. Matawi mengine yawe chini, unayafikia kwa mkono, kwa sababu mwezi wa nne utataka kuangalia chipukizi kwa karibu na hautaki ngazi. Na udongo wa chini uwe haujafunikwa na lami au zege, maana ndugu yetu analala humo humo ardhini, akifunikwa hatoki.

Vifaa: tochi ya kichwani ili mikono ibaki huru, lenzi ndogo ya kukuza mara kumi, simu ya picha, daftari na penseli (kalamu ya wino kwenye mvua inakuharibia kazi). Vaa buti na suruali uchomekee kwenye soksi, kupe wa huku wanabeba ugonjwa wa Lyme, kuanzia masika ya huku ndo wanakuwa wengi. Kama msitu una mwenyewe, omba ruhusa mchana na mweleze utakuja na tochi jioni, na nyumbani mwambie mtu unaenda wapi. Mtu mwenye tochi anayezunguka miti gizani anaweza kupigiwa simu polisi na jirani, sasa ukishajitambulisha mapema unafanya kazi yako kwa amani.

HATUA YA 2: Mjue dume

Dume ana upana wa mbawa wa milimita 22 mpaka 28 hivi, yani akikaa kwenye ukucha wa dole gumba anazidi kidogo tu. Mbawa za mbele zimeviringana ncha, rangi ya kijivu kilichochanganyika na kahawia, na mistari ya kupinda iliyofifia sana inayovuka bawa, inabidi uinamishe tochi pembeni ndo uione. Mbawa za nyuma zimepauka zaidi, hazina cha maana. Mwili mwembamba. Kwa ufupi hana uzuri wa kukusimamisha njiani, uzuri wake uko kwenye anachokifanya.

Anatoka kuanzia mwisho wa Oktoba au Novemba, inategemea uko kaskazini kiasi gani, anaendelea mpaka Desemba na wengine Januari. Anaruka jioni tu, saa za mwanzo za giza, na anaweza kuruka kwenye baridi ambayo nondo wengine hawawezi hata kutikisa bawa. Ndugu yake wa karibu wa Marekani, Operophtera bruceata, alishapimwa akiruka karibu na nyuzi sifuri, na anaweza kwa sababu mbawa ni kubwa na mwili ni mwepesi, kwahiyo anapiga mbawa taratibu bila kuhitaji kujipasha misuli kwanza. Ukiendesha gari jioni kwenye barabara inayopita msituni mwezi wa kumi na mbili ukaona vitu vyeupe vyeupe vinapita mbele ya taa na sio theluji, ndo wao.

Wapo wanaofanana naye, usikurupuke kuandika jina. Operophtera fagata ni pacha wake, kidogo mkubwa, amepauka na anang'aa zaidi, anapenda misitu ya birchi na ya miti inayoitwa beech. Wale wa jenasi ya Epirrita wanatoka Oktoba na Novemba, ni wakubwa zaidi na mistari yao inaonekana vizuri, na majike yao yana mbawa kamili. Alafu kuna Erannis defoliaria, dume lake ni kubwa zaidi lenye mabaka ya kahawia, huyo ukishamwona mara moja hautamchanganya tena. Ukikuta nondo wa aina hii kuanzia Februari hadi Aprili kwenye shina, huyo ni mwingine tena, mara nyingi Alsophila aescularia, ambaye jike lake nalo halina mbawa.

HATUA YA 3: Mtafute jike shinani

Hapa sasa ndo penyewe. Chagua jioni isiyo na sakitu, nyuzi kama tano sita hivi, hata manyunyu sio shida, upepo uwe mdogo. Fika giza likishaingia, saa moja jioni ya huku inatosha maana Novemba jua linazama mapema mno. Anza chini kabisa, pale shina linapoingia ardhini, zungusha mwanga taratibu kulizunguka shina lote, alafu panda kidogo, zungusha tena, mpaka usawa wa kichwa. Usikimbize tochi. Jike anatembea lakini rangi yake na gome ni kitu kimoja, macho yanamruka.

Ukimpata sogea na lenzi. Ana mwili mfupi uliovimba, milimita tano sita, kama punje ya choroko iliyoota miguu, rangi ya kahawia yenye vumbi vumbi la kijivu. Miguu sita ni mirefu kwa mwili ule na ina pete pete za rangi nyepesi. Mgongoni ndo utaona kile kilichokufanya uje: vipande vinne vya mbawa, vifupi, vimekatika kabla havijafika popote, vile vya mbele vina mstari mweusi kwa kukata. Haviruki, havijawahi kuruka, alitoka navyo hivo kwenye pupa. Ule mwili uliojaa ni mayai, karibu kila kitu ndani ya tumbo ni mayai. Hali chochote huyu, wala dume halikai kula, wote wawili wanaishi kwa akiba waliyoila wakiwa viwavi mwezi wa tano.

Jioni ile ile aliyotoka ardhini anapanda shina kwa miguu, na njiani anatoa harufu. Harufu hiyo wanakemia waliitambua mwaka 1982, ni kemikali moja ya kaboni kumi na tisa, na dume anaifuata gizani mpaka anamfikia. Kwahiyo ukiona madume matatu manne yanahangaika kwenye sehemu moja ya shina, yanapapatika na kutembea tembea, simama hapo hapo, jike yuko ndani ya sentimita chache. Ukikuta wameshaungana waache, wanakaa hivo muda mrefu na hawaogopi mwanga sana, ndo nafasi nzuri ya kupiga picha inayomwonyesha dume na jike pamoja, watu wasioamini kuwa ni mdudu mmoja uwaonyeshe.

Majike yanayofanana: lile la Erannis defoliaria halina hata vile vipande, ni kubwa na lina madoa meusi na ya njano nyepesi, ukiangalia haraka unasema buibui. La fagata lina vipande virefu zaidi, vinafika kama nusu ya tumbo. Urefu wa vile vipande ndo alama yako, piga picha kwa ubavu na kwa juu.

Kwanini asiruke? Maelezo ninayoyakubali ni haya: mbawa na misuli ya kurukia ni gharama, na kwenye baridi ni gharama kubwa zaidi, sasa jike ambaye mti wake uko juu ya kichwa chake tayari haoni sababu ya kulipa, hiyo akiba yote inaenda kwenye mayai. Popo wengi nao wameshalala usingizi wa baridi, na ndege wala wadudu wengi wameondoka, wengine wako huko kwetu.

HATUA YA 4: Mayai, Desemba mpaka Machi

Jike mmoja anataga mayai mia moja mpaka mia mbili na zaidi, moja moja au kwa vikundi vidogo, kwenye nyufa za gome, kwenye kuvumwani (ile mimea midogo ya kijivu inayoganda kwenye gome), na juu kabisa kwenye vitawi karibu na chipukizi. Ni madogo kwelikweli, nusu milimita hivi, bila lenzi usihangaike. Mchana wenye mwanga mzuri mwezi wa kwanza kata kitawi kimoja kilichoota kuvumwani (kwenye mti wako, au kilichodondoka chenyewe), kaa mezani, pitia taratibu.

Rangi ya yai ni saa yake. Likitagwa ni kijani nyepesi. Baadaye linageuka rangi ya chungwa, na hivo ndo linakaa baridi yote. Siku za mwisho kabla ya kuanguliwa linakuwa jeusi la bluu, kwa sababu kiwavi ameshakamilika ndani na unaanza kukiona kupitia ganda. Ukiona jeusi, ongeza safari zako, mambo yamekaribia.

HATUA YA 5: Chipukizi, wiki ambazo zinaamua kila kitu

Kuanzia mwisho wa Machi pita kila baada ya siku mbili tatu. Chagua matawi matano uyafunge uzi wa rangi, alafu kila ukija andika chipukizi ziko hatua gani: zimefunga, zimevimba, zimeonyesha kijani, zimefunguka, jani limekunjuka. Piga picha tawi lile lile kila mara.

Sababu ni hii. Kiwavi kinachotoka kwenye yai ni kirefu milimita mbili tu, kina kichwa cheusi, na kina siku chache tu za kuishi bila kula. Kikitoka chipukizi bado zimefunga, kinakufa njaa. Kikichelewa, jani limeshakomaa, na hapo Paul Feeny kwenye utafiti wake alioutoa 1970 juu ya mialoni ya karibu na Oxford alionyesha kinachotokea: tanini (kemikali kakasi za kwenye jani) zinaongezeka, maji na protini zinapungua, jani linakuwa gumu, kiwavi kinakula lakini hakikui. Kwahiyo nafasi ni nyembamba, na mama yake alishataga toka Novemba bila kujua masika yatakuja lini.

Uholanzi walilifuatilia hili kwa miaka mingi, kina Marcel Visser na wenzake. Walikuta masika yalivyozidi kuwa ya joto mayai yakaanza kuanguliwa mapema kuliko chipukizi za mwaloni, viwavi vikawa vinatoka kwenye mti usio na jani. Alafu mwaka 2013 wakatoa matokeo kwamba nondo wenyewe wamebadilika, kizazi kwa kizazi, mayai yamerudi kuanguliwa kwa kuchelewa, kwa sababu waliowahi walikufa na waliochelewa kidogo ndo wakaacha watoto. Mimi hii habari huwa inanigusa sana, mabadiliko ya urithi yanayoonekana ndani ya miaka michache tu, kwenye mdudu wa bustanini.

Na kiwavi ambacho hakikupata chakula hapo kilipo kina njia moja iliyobaki: kinatoa uzi wa hariri, kinaning'inia, upepo unakichukua. Hivyo ndo spishi ambayo jike lake haliruki inasambaa kutoka mti mmoja hadi mwingine. Aprili asubuhi yenye jua, simama upande wa kivuli uangalie kuelekea jua, nyuzi zinang'aa kati ya matawi.

HATUA YA 6: Viwavi, mwisho wa Aprili na Mei

Kipindi hiki ndo rahisi kuliko vyote, hata watoto waje. Tafuta majani mawili yaliyobandikwa pamoja kwa hariri au chipukizi iliyotobolewa, fungua taratibu kwa kucha, kiwavi kiko ndani. Ni cha kijani, mgongoni kina mstari mweusi mweusi wa kijani, ubavuni mistari myeupe au ya njano nyepesi inayokwenda urefu wote. Kikikua kinafika sentimita mbili na nusu. Angalia miguu ya nyuma: kina jozi mbili tu, moja mwishoni kabisa na moja mbele yake kidogo, katikati hakuna kitu. Ndo maana kikitembea kinavuta mkia mpaka kwenye kifua, mgongo unapanda juu, alafu kinajinyoosha tena.

Hapo ndo unamtofautisha na Tortrix viridana, kiwavi kingine cha kijani cha mwaloni kinachoviringisha jani, huyo ana miguu ya katikati pia na ukimgusa anarudi kinyumenyume kwa fujo na kujidondosha kwa uzi.

Njia ya haraka ya kuona vingi: fungua mwavuli mweupe au wa rangi nyepesi, ugeuze juu chini, uushike chini ya tawi, alafu gonga tawi kwa fimbo mara mbili tatu, usivunje. Vinadondoka ndani, unahesabu, unapiga picha, unavirudisha.

ONYO, na hili naomba mlisome mara mbili. Kama mko London na maeneo ya karibu, Uholanzi, Ubelgiji au Ujerumani, kwenye mialoni kuna kiwavi kingine, Thaumetopoea processionea, kina nywele ndefu nyeupe, vinatembea kwa msururu kimoja nyuma ya kingine na vinajenga viota vya hariri nyeupe kwenye shina na matawi. London vimekuwepo toka 2006. Nywele zake zinawasha ngozi, macho, na kwa mwenye pumu zinaweza kumletea shida kubwa ya kupumua. Kiwavi cha nondo wa baridi hakina nywele za kuonekana. Chochote chenye nywele kwenye mwaloni USIKIGUSE, wala usisogeze uso, ondoka utoe taarifa kwa wahusika wa misitu.

Mwaka vikiwa vingi unaweza kusimama chini ya mwaloni mwezi wa tano ukasikia kinyesi chao kikidondoka kwenye majani makavu, kidogo kidogo bila kukatika, na ukiangalia juu majani yamebaki mishipa tu. Usiogope, mwaloni wenye afya haufi kwa hilo, kufika mwisho wa Juni au Julai unatoa majani mapya. Kaskazini mwa Norway hali ni nyingine, huko kwenye misitu ya birchi vinalipuka kila baada ya miaka kama kumi, na milima mizima inaweza kugeuka rangi, miti mingine isirudi.

Na wakati huo huo ndo ndege wanalea. Parus major, yule wa kifua cha njano na mstari mweusi katikati, anayefuatiliwa kwenye masanduku ya viota pale Wytham karibu na Oxford toka 1947, anapanga vifaranga vyake viwe na njaa kubwa kabisa wiki ambazo hivi viwavi vimenona. Kaa mbali na kiota na darubini, angalia mzazi anachoingia nacho mdomoni, mara nyingi ni cha kijani.

HATUA YA 7: Chini ya ardhi, Juni mpaka Oktoba

Mwisho wa Mei na Juni viwavi vilivyokamilika vinashuka kwa uzi mpaka chini, vinaingia udongoni sentimita chache, vinajitengenezea kifuko cha hariri na udongo, na ndani vinakuwa pupa wa kahawia, milimita saba nane. Hapo ni kimya mpaka Novemba.

Mnaotaka kupima idadi, njia ni ile ya watafiti George Varley na George Gradwell, waliofuatilia mialoni mitano pale Wytham kuanzia 1950 kwa karibu miaka ishirini: unatandika trei zenye ukubwa unaoujua chini ya mti kudaka viwavi vinavyoshuka, na Novemba unaweka mitego shinani ya kuhesabu majike yanayopanda. Kwa kulinganisha hizo namba mbili waliona kwamba hasara kubwa inayobadilisha idadi mwaka hadi mwaka inatokea kati ya jike kupanda na kiwavi kunona, yani hapo hapo kwenye mayai na chipukizi, na kwamba pupa walio udongoni wanaliwa na mbawakawa na virukanjia (vinyama kama panya wenye pua ndefu), na wakiwa wengi wanaliwa kwa kiwango kikubwa zaidi.

Adui mwingine wa kumjua ni inzi anaitwa Cyzenis albicans. Anataga mayai madogo mno kwenye kingo za jani lililotafunwa, kiwavi kinakula jani na yai pamoja, buu linatulia mwilini mwake mpaka kikishakuwa pupa ndo linammaliza. Wakanada walimpeleka Nova Scotia miaka ya 1950 na nondo akatulia, na Massachusetts Joseph Elkinton na wenzake wa chuo kikuu cha huko wakaanza kumwachia 2005, napo ikafanya kazi. Kwahiyo ukifuga viwavi ukakuta masika yanayofuata anatoka inzi, usikasirike, umepata kitu adimu cha kuangalia.

KUMFUGA NYUMBANI

Chukua viwavi vichache tu, visivyozidi kumi, mwezi wa tano vikiwa vimefika sentimita moja. Chupa ya mdomo mpana au boksi la plastiki lenye mfuniko wa chandarua, chini tishu kavu. Majani yawe ya mti ule ule ulikovitoa, ukivihamisha kutoka mwaloni kwenda mcheri vingine vinagoma. Badilisha majani kila siku au kila baada ya siku moja, toa kinyesi, usinyunyizie maji (unyevu ndani ya chupa iliyofungwa unaleta ukungu na ukungu unaua haraka kuliko njaa), na usiweke kwenye jua la dirishani.

Vikianza kutembea tembea chini bila kula, vimekaribia. Weka boksi lingine lenye mchanga uliochanganywa na mboji, kina cha sentimita saba nane, unyevu kidogo tu, ukiminya mkononi usitoe maji. Vikishazama weka boksi nje, kivulini, mvua isilowanishe. Nje, sio ndani ya nyumba. Wakikaa kwenye hita baridi yote ratiba inaharibika, wanahitaji kuisikia baridi ya Oktoba.

Mwisho wa Oktoba simamisha kipande cha gome ndani ili anayetoka apate pa kupanda, na chungulia kila jioni. Akitoka jike, mweke kwenye kikapu cha chandarua nje ya dirisha jioni hiyo hiyo, alafu subiri. Kama kuna madume mtaani yatakuja, na utaona ile kazi ya harufu kwa macho yako. Baadaye mrudishe kwenye mti alikotoka kiwavi, sio mti mwingine. Na mlioko Amerika ya Kaskazini msifuge kabisa wala msihamishe kitu, kule ni mvamizi.

KAMA UNA MITI YA MATUNDA

Kwenye mtofaa au mcheri viwavi vinatoboa maua na matunda machanga, epo linakua na kovu lililozama ubavuni. Dawa iliyo bora ni kumzuia jike asipande, maana hana njia nyingine ya kufika juu. Mwisho wa Oktoba funga mkanda wa grisi kuzunguka shina, kama sentimita 45 kutoka chini, ubane vizuri hadi kwenye nyufa asipite chini yake. Kama mti umeegemezwa kwenye nguzo, nguzo nayo ifungwe, la sivyo anapandia huko. Acha mpaka mwanzo wa Aprili, toa majani yanayoganda juu yake maana yanakuwa daraja. Funika kwa wavu wa matundu madogo usioganda, ndege na popo wananaswa kwenye gundi, na huo ni ukatili usio na sababu. Mwaloni msituni usiufunge, huko ni chakula cha ndege.

UNACHOTAKIWA KUANDIKA

Tarehe sita zinatosha kwa mwaka: dume wa kwanza, jike wa kwanza, yai la kwanza kuwa jeusi, chipukizi ya kwanza kufunguka kwenye yale matawi matano, siku ulipoona viwavi vingi zaidi kwenye mwavuli, na siku ya mwisho ulipoona kiwavi. Weka na joto la jioni ulipotoka. Tuma kwenye tovuti za kurekodi viumbe: Uingereza iRecord, Uholanzi waarneming.nl, kwingine iNaturalist inakubali popote, ambatanisha picha ya jike kwa juu na kwa ubavu kwa sababu bila kuviona vile vipande vya mbawa mhakiki hawezi kuthibitisha ni brumata au fagata.